Mwembe Haukukatika Wenyewe

MNAMO Agosti 2022, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, nilirudi nyumbani Gede nikiwa na gari nililolinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika, na sikuwa na mahali pa kuliegesha. Uani palikuwa na mwembe uliopandwa na marehemu baba kabla sijazaliwa. Nilimwita kijana mwenye msumeno wa mashine, tukapatana bei, na kabla ya adhuhuri mwembe ulikuwa chini. Matawi yalichukuliwa na mchoma makaa, shina likapasuliwa mbao, nami nikamwaga saruji pale palipokuwa na kivuli.

Shangazi yangu alikuwa amekwenda matangani Dabaso. Aliporudi jioni alisimama mbele ya kisiki, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mwembe umekwenda wapi?" aliuliza.

"Umekatika, Shangazi," nilimjibu.

"Umekatika? Mbona leo hakukuwa na upepo?"

Nilitafuta la kusema. "Umekatwa," nikasema hatimaye.

"Na nani, mwanangu?"

Shangazi hakupata kusoma hata darasa la kwanza. Lakini kwa maswali hayo mafupi alikuwa amenipitisha katika sura nzima ya sarufi ambayo nimekuwa nikiifundisha chuoni kwa miaka mingi, tena akanikamata palepale ninapowakamata wanafunzi wangu.

Kiswahili kina njia yake ya kumsitiri mtenda. Mtoto akiangusha kikombe hasemi "nimekivunja". Aghalabu husema "kimevunjika". Wala hajasema uongo, kwa maana kikombe kweli kimevunjika. Ila kauli ya kutendeka, tofauti na ile ya kutendwa, haimpi aliyetenda hata nafasi ya kutajwa. Ukisema "kimevunjwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Ukisema "kimevunjika", swali hilo halina mlango wa kuingilia. Wanafunzi wangu huliona jambo hili kuwa la kuchekesha, nami nilikuwa nikicheka nao hadi jioni ile.

Sasa hebu tulitazame jina tulilolipa janga kubwa la zama zetu. Twasema "mabadiliko ya tabianchi". Mabadiliko ni nomino inayotokana na kitenzi "badilika", si "badilisha". Lau tungalisema "mabadilisho", neno ambalo sarufi yetu inaliruhusu bila taabu, pengine mtu angaliuliza nani mbadilishaji. Sipendekezi tulitupe neno hili. Limekwisha kuzoeleka madarasani, redioni na bungeni, na wataalamu wanaojaribu kuyang'oa maneno yaliyozoeleka huishia kuzungumza peke yao. Nasema tu kwamba tunapolitamka tunasema kama yule mtoto mbele ya kikombe. Na neno la pili ni la ajabu zaidi. Tabianchi ni tabia ya nchi. Nchi ndiyo yenye tabia. Sisi wenye kuikalia, tunaokata, kuchoma na kutupa, hatumo kabisa.

Nayo nchi hii yetu ya Malindi na Kilifi imekwisha kusema kwa namna isiyohitaji mkalimani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na bara ya jimbo letu, hasa Ganze na Magarini, iliumia. Mvua za mwaka hazikuja, vuli haikuja, mahindi yakanyauka yakiwa hayajafika magotini. Kisha, katika vuli ya 2023, mvua za El Nino zikashuka kwa ghadhabu, Mto Sabaki ukafurika, na watu waliokuwa wakililia maji wakahamishwa na maji. Mvua za 2024 zikaua watu zaidi ya 200 nchini. Baharini nako hakujasalimika. Joto la 1998 liliyageuza matumbawe ya Malindi na Watamu kuwa meupe na kuua sehemu kubwa, na mvuvi yeyote ajua kwamba samaki hakai katika nyumba iliyobomoka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vilipoanza kuwekwa, takriban digrii 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900.

Najua msomaji ana jibu lake tayari, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalo. Kenya hutoa sehemu ndogo mno ya gesi zinazoipasha dunia joto. Bara zima la Afrika nalo hutoa sehemu ndogo tu. Iweje basi mama wa Gede mwenye jiko moja la makaa atwishwe mzigo wa viwanda vya China, Marekani na Ulaya? Hoja hii ni ya haki. Viongozi wa Afrika waliitoa katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Nairobi Septemba 2023, na yapasa iendelee kutolewa bila haya wala woga. Waliochafua na walipe.

Lakini tukiisikiliza kwa sikio la sarufi, hoja hii ina mtenda mmoja tu, naye yuko mbali. Ni rahisi kumlaumu aliye mbali, kwani hasikii na hajibu. Msumeno ulioangusha mwembe wetu haukutumwa kutoka Beijing. Jirani akiutia mtaa moto, kosa ni lake na mahakama ipo. Hata hivyo mwenye akili hamwagi maji ya mtungi wake eti kwa kuwa si yeye aliyewasha. Joto la dunia nzima sikulileta mimi, nami peke yangu siwezi kuliondoa. Joto la uani kwetu, lile linalomkalia shangazi kichwani saa nane za mchana chini ya mabati, nimelileta mimi. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kumetupa wengi wetu usingizi mzuri.

Wapo pia wasemao kwamba haya yote ni kazi ya Mungu. Siwezi kubishana na imani ya mtu, nami ni mwenye imani pia. Naomba tu tukumbuke kwamba mvua ni kazi ya Mungu, na gogo lililopakiwa kwenye lori usiku ni kazi ya mtu.

Nianze na makaa, kwa maana hapo ndipo mimi na wewe tunapokutana kila siku. Nyumbani kwangu mjini tuna mtungi wa gesi, na bado maharagwe na biriani hupikwa kwa makaa, tukidai kwamba chakula cha makaa kina ladha yake. Makaa mengi yanayouzwa Malindi na vitongoji vyake hutoka bara, katika misitu ya Dakatcha upande wa Marafa na katika vichaka vya Ganze. Tanuri la kufukia kwa udongo ni fujaji mno: kwa kilo moja ya makaa hula kilo tano hadi kumi za mti. Gunia moja la makaa mlangoni ni mti mzima ulioingia nyumbani bila kubisha hodi. Tumezoea kumlaani mchoma makaa. Mtu huyu mara nyingi ni baba ambaye shamba lake halikutoa kitu kwa misimu mitano na ambaye karo ya shule haikungojea mvua. Yeye ni mmoja. Wanunuzi ni sisi sote, tena wengi wetu tuna mshahara.

Hapa sina haja ya kuhubiri juu ya umeme wa jua kwa mtu asiye na uwezo wa kuununua. Jiko la bati lililotiwa udongo wa kuchomwa ndani limekuwa likiuzwa nchini tangu miaka ya 1980, na hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi likilinganishwa na lile la bati tupu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria iliyofunikwa huchemka upesi. Mambo haya ni madogo hata naona haya kuyaandika gazetini nikiwa na shahada ya uzamifu; ila nilipoyafanya kwangu, gunia lililokuwa likitufikisha mwezi mmoja likatufikisha mwezi na nusu. Anayeweza kununua gesi na ananunua makaa kwa ajili ya ladha, kama nilivyokuwa nikifanya, aijue bei ya ladha hiyo.

Wasemao kwamba tabia za watu hazibadilishiki wamesahau upesi. Kabla ya Agosti 28, 2017, hakuna aliyeamini kwamba Mkenya angeweza kwenda sokoni bila kupewa mfuko wa plastiki. Sheria ikaja, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4, na katika muda wa wiki chache vikapu vikatoka darini. Ni kweli kwamba bila sheria tungalikuwa bado tunasubiri. Ni kweli vilevile kwamba polisi hakusimama katika kila duka. Watu walibeba vikapu kwa mikono yao wenyewe.

Tukirudi hapa Gede, tunalo somo mlangoni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita 420 za mraba, ndio mkubwa uliosalia wa aina yake katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa majirani wa msitu huu walitaka ukatwe wapewe mashamba. Hawakuwa wajinga. Msitu uliwapa nini, zaidi ya ndovu na nyani waliowamalizia mazao na askari waliowakamata kwa mzigo wa kuni? Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, makao yake yakiwa katika uwanja wa magofu ya Gede. Wakulima hufuga viwavi majumbani, na wakijifunga gandani husafirishwa ng'ambo kwenye bustani za maonyesho, ambako hutoka wakiwa vipepeo. Kiwavi hula majani ya miti ya asili, na mbegu ya kipepeo iko msituni. Asiye na msitu hana cha kuuza. Kwa wale walioingia katika kazi hiyo msitu ukapata maana mpya, na wengi wao wakawa watetezi wake. Sidai kwamba vipepeo wameuokoa msitu. Wezi wa miti bado wanaingia. Nasema kwamba watu waliulizwa wanaishi kwa nini kabla ya kuambiwa waache nini, na mwito wowote wa kubadili tabia usioanzia hapo ni kelele tu.

Kuna na habari ya muhugu, ambayo vijana wengi hawaijui. Mti huu mgumu, mwekundu kidogo na wenye harufu nzuri, ndio uliokuwa ukipendwa na wachongaji wa vinyago wa Malindi, na kwa sababu yao ulikatwa kwa wizi msituni hadi ukawa adimu. Baadaye wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini, ambao huku kwetu humea kila pembe bila kubembelezwa. Twiga na kifaru wa mwarobaini wakapata wanunuzi kama wale wa muhugu. Aliyebadilisha jambo hapo ni mchongaji mwenye patasi yake na mteja aliyekubali kuuliza, "Mti gani huu?" Swali hilo hatuliulizi tunaponunua kitanda, wala dari, wala boriti za mikoko.

Na kwa kuwa nimeitaja mikoko: ukishuka kutoka Gede hadi Hori ya Mida wakati maji yamepwa utaiona ilivyosimama kwa miguu mingi topeni. Mikoko huzuia mawimbi, huwapa kamba na kaa mahali pa kuzalia, na hufukia kaboni topeni kwa miaka mingi mno. Kusini mwa Mombasa, katika kijiji cha Gazi, wanakijiji wamekuwa wakiilinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 umekuwa ukiuza nje hati za kaboni iliyohifadhiwa na kutumia mapato kwa maji na shule. Eneo lenyewe ni hekta 117 tu. Si kubwa, shamba moja la mkonge ni kubwa kuliko hilo mara nyingi. Wametuonyesha angalau kwamba wanakijiji wanaweza kuwa watenda katika sentensi hii, na wakalipwa.

Aidha sina budi kusema neno juu ya upandaji miti, ingawa najua nitawaudhi baadhi ya wakubwa. Serikali ilitangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023, ikawa siku ya mapumziko ili wananchi wote wapande. Nilipanda. Tulikuwa watu wengi, tukapigwa picha, tukanywa soda, na mimi binafsi niliingiza ardhini miche kumi. Nilipopita hapo Februari, jua la kaskazi likiwa limepamba moto, niliikuta miwili. Hakuna aliyeing'oa, ilikufa kwa kiu, nami sikuwahi kuirudia hata siku moja. Wazee wetu hawakuwa wakisema wamepanda mnazi na kuishia hapo. Mnazi ulilelewa: ulinyweshwa, ukazungushiwa miiba dhidi ya mbuzi, ukapaliliwa kwa miaka sita au saba kabla haujatoa dafu la kwanza. Lugha inatupa kitenzi kilekile, kulea, kwa mti na kwa mtoto, nasi tumekihifadhi kwa ajili ya watoto tu. Mti mmoja uliolelewa una faida kuliko kumi waliopigwa picha, na serikali ingefanya vyema kuhesabu ile iliyo hai baada ya kiangazi.

Huwa nawapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huenda kutazama maandishi ya kaburini na kuta za kasri. Mimi huwasimamisha kando ya visima. Mji huu wa mawe, uliokuwa na misikiti, vyoo vya ndani na vyombo vya kaure kutoka China, ulihamwa katika karne ya 17. Wengine hutaja vita na uvamizi. Wengine hutaja maji: wachimbuaji wa mambo ya kale, ambao kazi yao iliongozwa na James Kirkman kuanzia 1948, waliona dalili kwamba kisima kilicho kando ya msikiti mkuu kiliongezwa kina. Pengine sababu zote zilisaidiana. Huwaambia wanafunzi wamfikirie yule mtu aliyeteremshwa kwa kamba na sururu yake, akachimba dhiraa kadhaa zaidi, akapandisha ndoo, akaona maji bado yapo. Bila shaka jioni ile walishukuru na kusahau. Yeye hakujua kwa nini maji yanashuka. Sisi twajua, na tena hatuna pa kuhamia, kwani Malindi ina visima vya chumvi na Kilifi ina foleni za mitungi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza hapo kisimani nimefanya nini mimi mwenyewe. Nilianza kumjibu kwa hotuba juu ya sera. Alinisikiliza kwa adabu.

Juma lile nilikwenda nyumbani. Mwezi ulikuwa Machi 2024, joto likiwa halivumiliki, na shangazi alikuwa amelala sakafuni sebuleni, mlango wazi, kanga imeloweshwa maji kifuani. Zamani saa kama hizo alikuwa chini ya mwembe akisuka makuti na kuwapokea wageni. Niliketi karibu naye.

"Shangazi," nilimwambia, "mwembe niliukata mimi."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nangoja useme."

Siku ya pili nilimlipa kijana avunje saruji. Gari sasa linalala barabarani, na limekwisha kukwaruzwa mara mbili. Mche wa kwanza ulikufa. Wa pili tumeuzungushia miiba, na maji ya kuoshea vyombo humwagiwa hapo kila jioni badala ya kutupwa nje. Umenifika kiunoni. Shangazi bado hushinda ndani mchana, na kila nimpigiapo simu hunieleza kwanza habari za majani yake.